Nyaya za mukuba: tuuze kwa kilo, ao tufundishe watoto?

Wandugu wafanyakazi, wamama wa mugodi, na ninyi vijana wenye kusoma gazeti hii juu ya bega la baba,

Siku ya posho inayokuja, sendika yetu ya hapa Bukama itakutana ili kukata neno moja tu. Motere tatu na jenereta moja yenye kufa, zile zinalala nyuma ya nyumba ya mikutano, tufanye nazo nini? Wengi wanasema tuuze. Munajua vile biashara ya mitraye inaendaka: mununuzi anakuja na mizani yake, nyaya zinachomwa ili vernisi itoke, mukuba unapimwa, feza mukononi, anaenda. Jioni hakuna tena motere, na kisha juma mbili hakuna tena feza.

Sisi tunaoandika hapa tulikuwa kati ya wale ambao, miezi mitatu imepita, waliinua mukono ili tuuze. Leo tumegeuza mawazo. Tunapenda kuwaelezea sababu mbele ya mukutano, ili siku ile mutu asiseme hakujua.

Kwanza tukumbuke vitu hivi vilitoka wapi. Kompanyi moja, jina tunaliacha, ilifunga kazi na kuondoka na deni ya mishahara ya miezi saba. Kisha barua nyingi, walitupatia motere zile na jenereta ile, wakasema deni imepungua. Kwa hiyo mukuba uliomo ndani si kitu cha kuokota. Ni jasho yetu, imefungwa ndani ya chuma. Tulipiga hesabu: tukiuza na kugawa kwa wanachama wote 62, kila nyumba itapata unga wa juma mbili, labda na chumvi. Hatucheke unga. Mwenye watoto sita anajua juma mbili ni nini. Lakini kuko jambo lilitokea hapa katikati, na lilitupatia haya.

Mwizi ao fundi?

Usiku moja mulinzi wetu alikamata kijana nyuma ya nyumba, metre karibu 40 za nyaya ndani ya shati. Miaka 16. Baba yake ni kreseri, alikuwa mbali, kwenye machimbo ya kasiterite upande wa Malemba-Nkulu. Asubuhi komite ilikusanyika na wengi tulisema: polisi. Sisi pia tulisema vile. Mama yake alisimama mulangoni, hakulia, hakupiga magoti. Alisema tu: "Bakubwa, mbele ya kumupeleka, mukuye kwanza muone byenye alifanya."

Tulienda. Ndani ya nyumba tulikuta baiskeli imegeuzwa, magurudumu juu. Kwenye gurudumu moja kijana alifunga sumaku alizotoa ndani ya bafle zenye kuharibika. Pembeni kuko bobine aliyozungusha na vidole vyake. Mudogo wake akizungusha pedale, ampuli ndogo za tochi zinawaka nyuma ya sanduku ya kartoni. Ndani ya sanduku kuko karatasi ndefu ya mifuko ya simenti, ameipaka mafuta ya mawese ili mwangaza upite, na inatembea juu ya vijiti viwili. Juu ya karatasi alichora: treni inayotoka Lubumbashi, ponti ya Lualaba, makaa ya Luena, watu wenye beleshi. Na telefone ya zamani inaongea: ni sauti ya tate yake muke, anaeleza vile alikuwa anafanya mulolongo na kitunga akingojea posho ya bwana yake.

Watoto wa ile barabara walikuwa wanalipa franka 200 ili waangalie. Wazee walikuwa wanaingia bure, kwa sababu ni wao wanasahihisha: hapana, gari la makaa lilikuwa na urefu huu, hapana, kapita alikuwa anasimama pale.

Mukubwa mumoja wa komite, fundi aliyebobina motere miaka 31, aliinama akauliza: "Uliweka tour ngapi?" Kijana akajibu: "Mia tatu, tata. Mia mbili haikutosha." Fundi akatuangalia: "Uyu alihesabu. Siye tunataka kuuzisha, ni nani kati yetu anayua hesabu ya byenye tunauzisha?"

Hakuna aliyejibu. Kwa kuwa alichukua bila kuomba, tulimupatia azabu: kufagia nyumba ya mikutano mwezi muzima. Alifagia muzuri. Lakini ile ulizo haikufagiwa. Inabakia pale.

Tekinolojia ni ya nani?

Sisi wa mugodi tumezoea kufikiri kwamba tekinolojia ni kitu kinachofika ndani ya kontena. Kinafika na fundi wake, na kitabu chake, na fungula yake. Sisi tunafinya butone. Siku kinaharibika, tunangoja. Siku kompanyi inaenda, kinakufa, na sisi tunakiangalia kama maiti ya mutu ambaye hatukumujua. Hata Luena, makaa ilitoka miaka mingi, na watoto wangapi wa Luena walifundishwa vile mashine ya kutoa maji inafungwa na kufunguliwa?

Lakini katika Katanga yetu kuko watu waliokataa ile njia. Wengine ni wasanii, na sisi wa sendika tulikuwa tunawazarau: tulifikiri musanii ni mutu wa kuimba kwenye ndoa ao kuchora Mobutu na mamba.

Kule Lubumbashi kuko Jean Katambayi Mukendi. Alizaliwa 1974, alisomea umeme. Angeweza kungoja kazi ya kompanyi kama wengine. Yeye alianza kujenga mashine za kartoni, nyaya, na vipande vya vyombo vya umeme vilivyokufa. Kuko mashine zake zenye kutembea na kuwaka. Anapiga hesabu, anachora plan, anakata kartoni. Amechora pia ampuli nyingi kubwa, moja kisha nyingine, anaziita Afrolampe. Mutu wa Ulaya akiona ampuli, anaona ampuli. Mutu wa Katanga akiiona, anauliza mara moja: kuran itarudi saa ngapi? Ndiyo maana kazi yake inatugusa. Anauliza jambo moja rahisi kwa vidole vyake: mukuba unatoka kwetu, nyaya za dunia zinatengenezwa na mukuba, sasa namna gani giza ni yetu?

Tusidanganyane, ulizo hii si ya mashairi. Angalieni juu. Tangu 1982 laini kubwa ya Inga mupaka Kolwezi inapita karibu kilometre 1.700, juu ya vijiji vya Kasai na Katanga, na vijiji vile vinapika na makala. Wengi wanafikiri ni uchawi wa wakubwa tu. Hapana, kuko pia sababu ya kifundi: kuran ile ni ya mwendo moja, si ya kupanda na kushuka kama ile ya nyumbani. Ili kuishusha kwenye kijiji, lazima kituo kikubwa cha kuigeuza, chenye bei kubwa. Kwa hiyo wale walioichora walichagua tangu mwanzo: moto uende kwenye mashine za mukuba, si kwenye nyumba ya mutu. Laini ile ilichorwa na mutu, na ilikubaliwa na watu. Ukijua kusoma plan, unaweza kuuliza ulizo ya kweli ku serikali. Usipojua, utabakia kulaumu wachawi. Leo katika inchi yetu, karibu mutu moja kwa tano ndiye mwenye kuran. Wengine ni tochi na makala.

Babu zetu ndani ya foto

Musanii mwingine ni Sammy Baloji, alizaliwa Lubumbashi 1978. Chombo chake ni foto na ordinatere. Karibu 2006 alifanya kazi anayoiita "Mémoire". Alipiga foto za fabrika za Gécamines vile ziko sasa: chuma cha kutu, majani, madirisha bila vioo. Kisha akachukua foto za zamani za wakati wa Union Minière: wafanyakazi weusi, wakubwa wa kizungu, wengine wenye minyororo shingoni. Ndani ya ordinatere aliwakata kutoka foto ya zamani, akawasimamisha mbele ya fabrika yenye kufa. Ni hivyo tu. Hakuongeza maneno. Lakini ukiangalia, unaona babu yako amerudi kuangalia kazi yake na kuuliza: ninyi mulifanya nini nayo?

Kuko kazi yake ingine ya 2013, juu ya namna muji wa Lubumbashi ulipangwa: muji wa wazungu upande huu, kambi za weusi upande ule, na katikati eneo tupu, kusudi mbu na magonjwa yasivuke. Ndani yake aliweka foto ya zamani ya 1929. Wakati ule, ili mufanyakazi apate posho yake, ilikuwa lazima alete nzi 50 kila siku. Nzi 50! Wandugu, siku tutakayokutana tunaiita siku ya posho mupaka leo. Watoto wetu wanatamka jina ile kila juma bila kujua. Sisi wenyewe, watu wa sendika, tuliojifunza historia ya mishahara, jambo la nzi hatukulisikia kwa mwalimu. Limetufikia kwa mutu wa foto.

Munaona basi kazi ya chombo? Foto za kompanyi zilipigwa ili wakubwa wa Brussels waone kazi inaenda muzuri. Chombo kilekile, mukononi mwa mutoto wa Lubumbashi, kinaeleza upande ule mwingine. Mashine haina chama. Inafuata mwenye kuijua.

Motokari ya nyaya

Kila mwanamume wa hapa alipokuwa mutoto alitengeneza motokari ya nyaya. Mwaka 2019 Katambayi na Baloji, pamoja na wasanii wengine, walichukua ile akili ya watoto wakatengeneza kwa nyaya za mukuba motokari ya Tesla, ile ya umeme ambayo dunia nzima inaimba. Waliifanya juu ya litiumu ya Manono, kwa jirani zetu wa Tanganyika. Kazi yote ilipitia ku Picha, nyumba ya wasanii iliyofunguliwa Lubumbashi 2008, ile inayotengeneza Biennale, pamoja na wenzao wa Ubelgiji.

Kwa nini motokari ya nyaya, bila motere, bila batri? Sisi tunaisoma hivi. Batri za motokari zile zinataka kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo. Zinataka mukuba, tuko nao. Zinataka litiumu, iko Manono. Lakini Manono yenyewe, iliyokuwa na kuran kutoka Mpiana Mwanga wakati wa kazi ya bati, iliingia gizani wakati wa vita. Kwa hiyo tuko na vitu vyote vya ile motokari isipokuwa motokari. Wasanii walionyesha lile shimo. Sisi wa sendika tumeandika memorandum ngapi juu ya jambo lilelile? Hakuna aliyezisoma mupaka mwisho. Motokari ile, mutoto wa miaka kumi anaielewa akiwa amesimama.

Wale wenye kukataa

Tumesikia maneno ya wale wasiokubali, na mengine yana haki.

Wa kwanza wanasema: "Sanaa haipikake bukari." Ni kweli. Hatusemi kijana wa sanduku aache masomo, wala mutu akubali kutolipwa kwa sababu mutoto wake anajua kuchora. Mushahara ni mushahara, na ile miezi saba tutaendelea kuidai. Lakini mukuba wa kuuza unapikwa mara moja. Motere yenye kubobinwa inatoa maji, inasaga muhogo, inalipa. Na mutu anayejua kubobina anaweza kukaa Bukama bila kushuka ndani ya shimo lisilo na mbao. Wamama wanaotusoma wanajua tunasema mashimo gani. Tangu mwaka uliopita tumezika vijana wawili wa nyumba za wanachama wetu.

Wa pili wanasema: "Hao wasanii wanaenda Ulaya, kazi zao zinakaa kwa wazungu, siye tunabakia na foto za babu bila babu." Hapa tunakubaliana nao zaidi ya nusu. Mukuba ulienda, kisha foto za wenye kuuchimba zikaenda, sasa na kazi zilizofanywa juu yao zinaenda pia. Haitoshi musanii kusema ukweli yetu kule Venice ao Paris. Tunapenda kuiona hapa, kwenye ukuta wa gare ya Bukama, mahali treni iliingia mara ya kwanza 1918, mbele ya mashua zinazoshuka Lualaba. Tunawaambia wasanii wa Lubumbashi kwa heshima, kama wadogo na wakubwa wa familia moja: muje. Hatuna nyumba ya makumbusho. Tuko na ukuta, tuko na watu, tuko na wazee watakaowasahihisha. Na mukija kuchukua sauti ao sura ya mufanyakazi, muandike jina lake kama yeye anapenda, na mumupatie sehemu yake. Sendika iko hapa ili kuangalia mambo kama hayo pia.

Wa tatu ni wamama: "Mutoto atakufa na kuran." Hili ni la kweli kuliko yote. Batri ya motokari ina asidi. Jenereta inaweza kushika mukono. Ndiyo sababu tunataka jambo hili lifanyike muchana, mbele ya fundi, mulango wazi, si usiku chini ya shati. Kijana wetu alicheza na hatari akiwa peke yake kwa sababu sisi wakubwa hatukuwa na mahali pa kumufundisha.

Tunaomba nini

Kwa hiyo, siku ya posho, tutaleta mbele ya mukutano mambo tano.

Moja: motere mbili zisiuzwe. Ile ya tatu, yenye kupasuka chuma, pamoja na vipande vya jenereta visivyo na kazi, tuuze, na feza igawiwe kwanza kwa wajane na kwa wale wagonjwa wa kifua. Njaa haingoje masomo, tunajua.

Mbili: nyumba ya mikutano ifunguliwe kwa vijana mara mbili kwa juma, kisha masomo. Fundi wetu wa miaka 31 amekubali kufundisha kubobina. Hakuomba mushahara, ameomba kiti chenye mugongo. Tutafute kile kiti.

Tatu: wasichana waingie sawasawa na wavulana. Kutengeneza telefone, kupiga hesabu ya solere, kubobina: hakuna hata kazi moja pale inayoomba ndevu.

Ine: kila mutu mwenye foto ya zamani, livre ya kazi, jeto ya mugodi, ao barua ya kufukuzwa, aje nayo. Vijana watapiga foto yake na telefone mbele ya macho yake, atarudi nayo nyumbani siku ileile. Hatutaki kuona tena karatasi za wazee zikifunga mikate sokoni. Mutu wa Lubumbashi alitafuta foto za babu zetu katika makaratasi ya kompanyi. Sisi tuanze na masanduku yaliyo chini ya vitanda vyetu.

Tano: sanduku ya kijana izunguke. Kwanza ku Luena, kwa sababu hadisi ni yao. Tate yake amekubali kwenda, kama treni itapita.

Tumesema tulikuwa kati ya walioinua mukono ili tuuze. Hatufiche. Tuliinua mukono kwa sababu tulikuwa tumechoka, na mutu mwenye kuchoka anaona kilo, haoni kitu. Baba zetu waliuza nguvu zao kwa posho. Sisi tuliuza zetu kwa mushahara, tena mushahara wenye kuchelewa. Tukiuza na mashine zenye kufa kwa bei ya vyuma, watoto watauza nini? Watauza mashimo?

Fundi aliuliza nani anajua hesabu. Siku ya posho, saa tatu ya asubuhi, mbele ya kura, atafungua motere moja mbele yetu wote, na kijana atahesabu tour kwa sauti. Kila mutu aje asikie ile hesabu. Kisha apige kura vile zamiri yake inamwambia.